Chaki Mfukoni

Iyunga, Jumanne

Afadhali angenicheka, huyo Tumaini. Ningelala.

Tangu aje kutoka Iringa na visu vyake vya kabaidi, vinavyokata chuma kama sabuni, wateja wanapita mbele ya mashine yangu bila hata salamu. Gia ninayoichonga mimi kutwa nzima, yeye anaimaliza kabla ya chai.

Leo alichonga gia ya mashine ya kusaga. Alipotoka kwenda kula, nikaichukua, nikahesabu meno. Arobaini na moja! Ile ya mteja iliyovunjika ina arobaini na mbili. Nilikwenda moja kwa moja kwa bosi, na kusema kweli, nilikuwa na furaha ambayo sijaisikia miezi mingi.

Bosi akahesabu mbele ya karakana nzima, kidole juu ya kila jino. Arobaini na mbili. Akarudia. Arobaini na mbili.

"Ambwene, vipi tena?"

Nilijua papo hapo. Sikutia alama kwenye jino la kwanza. Miaka yote namwambia kila anayeingia pale: tia chaki kwanza, ndipo uhesabu. Hata Tumaini nilimfundisha mimi.

Alikuwa amesharudi, kasimama nyuma yangu. "Kaka, hiyo ni njaa tu. Nimekuletea chapati."

Nikaila. Ilikuwa nzuri, na hilo nalo limeniudhi.

Chaki ilikuwa mfukoni mwangu muda wote. Sikuitoa kwa sababu sikuwa nahesabu. Nilikuwa natafuta jino lililopungua.