Hewa ya Mama Anyesi

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa saba
Nimeanika ndagala, samaki wadogo. Barakoa nimeifunga kwa shingo ya mbuzi, majirani wamecheka. Anyesi, bibi niliyemuoa, hakucheka. Anakohoa tangu juzi. Yeye njo aliniingiza kwa mituele, ile sanduku ya kulipia wagonjwa. Kila mwezi tunatoa. Namuchokozaka: tunalipia ugonjwa haujazaliwa.

Jumatano, tarehe 7
Asubuhi pumzi imemukataa. Pikipiki mpaka hospitali, mimi nyuma, nimemushika kama gunia la muhogo. Wamemuwekea chupa ya hewa. Karte ya mituele nimeionyesha kwa kiburi, kama deputé wa bunge.

Ijumaa, tarehe 9
Nimeenda kwa biro ya mituele. Kijana mwenye tai:
«Papa, hiyo ni Corona. Corona ni ya Serikali, haiko kwa mukataba wetu.»
Nimerudi kwa kese ya hospitali, pale pa kulipia. Mama wa kese:
«Serikali inalipia mwenye karatasi ya Corona. Kipimo chake kimetumwa Lubumbashi, hakijarudi. Kwa sasa ana kikohozi tu. Kila chupa mulipe, Papa.»
Basi. Kwa mituele ana Corona, kwa kese hana. Nimeuliza nani atayaeleza mapafu. Hakuna aliyecheka.

Jumapili, tarehe 11
Nimeuza bisikeli na nyavu. Anyesi nimemuona kwa dirisha tu. Ameinua mukono, akaonyesha shati yangu. Vifungo nimevikosea. Na mupira wa chupa ile puani, bado ananisahihisha.
Naogopa. Nimeandika: naogopa.

Jumanne, tarehe 13
Anyesi amekufa.

Jumatano, tarehe 14
Wamemushika kwa morgi, nyumba ya maiti. Kwanza fakture, deni ya hospitali, maiti nyuma. Kwetu mutani njo anafungaka njia ya maiti mpaka apewe kitu. Lakini mutani anacheka. Hawa hawacheki.
Sikula.

Alhamisi, tarehe 15
Mutani wetu, muzee Kabuya, ameingia sokoni. Mutani wa marehemu akinyakua kitu chako, unanyamaza, njo desturi. Kawaida kuku mumoja, chupa ya pombe. Leo amezunguka meza zote na beseni kichwani, anatukana:
«Toeni, wachawi! Mutumwa wangu Anyesi amefungwa!»
Ndagala, mawese, sabuni. Beseni ikijaa anauza, anarudi. Waislamu wa bandarini hawana utani naye. Nao wamemuachia anyakue.
Jioni fakture imeisha kulipwa. Kabuya hana sauti.

Ijumaa, tarehe 16
Tumezika. Watu wachache, sheria ya Corona. Kabuya alipaswa kulala ndani ya kaburi, adai, atukane, alipwe ndipo atoke. Nilikuwa na noti tayari mufukoni. Na tusi tayari, zuri sana. Amesimama tu, kofia mukononi.
Nimemukasirikia. Tusi nimerudi nalo nyumbani.

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa nane
Nimevaa shati polepole, kifungo kwa kifungo.
Karatasi ya Lubumbashi imefika. Haikuwa Corona. Basi mituele ilipaswa kulipa. Nimeipeleka. Kijana mwenye tai amesema madai yanaletwa na mugonjwa mwenyewe, na karte yake. Nimemwambia nitamutuma.
Mchana mukusanyaji wa mituele amepita, kama kila mwezi. Nimetoa ya watu wawili, bila kufikiri. Amehesabu, akaniangalia, akanirudishia nusu.