Kahawa ya Kopo la Kijani

Jumatatu, 3 Machi
Moyo wa baba umeanza tena kwenda mbio. Tangu daktari amkataze kafeini anakunywa ile kahawa ya kopo la kijani, iliyoondolewa kafeini. Anaapa hagusi nyingine. Dada haamini — anasema baba anatoroka kwenda mkahawani. Leo kamnyang'anya ufunguo wa geti. Mzee wa miaka sabini na minne! Na mimi, badala ya kumtetea, nikamwambia aache utoto. Aliinama akawa anatazama viatu vyake.

Jumanne, 4 Machi
Maneno yangu ya jana yananisuta. Nimechota vijiko viwili vya kahawa yake, nikaenda navyo kazini, maabara. Miaka kumi na miwili napima kafeini kwenye kahawa za watu. Ya nyumbani kwetu, sijawahi.

Jumatano, 5 Machi
Miligramu themanini na nane kwa kikombe. Haitakiwi kuzidi tano! Nikapima na chai ya ofisini, kulinganisha tu: arobaini na mbili. Nikasafisha mashine, nikarudia mara tatu. Themanini na nane.
Halafu nikafungua mafaili. Cheti cha kahawa hiyo kilitoka kwetu. Miligramu tatu. Sahihi ni yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kanisikiliza amesimama. Ati kiwanda kilituletea sampuli safi, na sisi tulipima tulicholetewa. Wanachouza dukani hakituhusu. Nikamwambia baba yangu anainywa.
"Basi mnunulie nyingine," akasema.
Ati wenye kiwanda ndio wateja wetu wakubwa. Nikiwaandikia wakaguzi wa vyakula, niandike na barua ya kuacha kazi. Ya wakaguzi nimeiandika. Imo kwenye mkoba tangu saa nne asubuhi. Mwoga mimi.

Jumapili, 9 Machi
Nimemrudishia baba ufunguo, dada akiwepo. Nimewaambia mzee hakutudanganya, kafeini imejaa kwenye kopo lenyewe. Dada akalia, akamwomba radhi. Baba alivaa miwani, akaligeuza kopo, akawa anasoma maandishi madogo kwa kidole.
"Hapa wameandika imepimwa maabara," akasema. "Mwanangu, nani aliipima?"
Nikasema ngoja nichemshe maji.
Niko jikoni. Maji yamechemka zamani, nusu yamekauka. Baba ameshaniita mara mbili — kwa upole, na hilo ndilo baya zaidi. Sasa nasikia kiti kinasogezwa. Anakuja.