Viti vya Mama Fancy

S.L.P. 61,
Bahati, Nakuru.
6 Desemba 2025

Mpendwa Shangazi Njoki,

Pokea salamu zetu. Sisi tu wazima, ni kibaridi cha asubuhi tu kinachotusumbua. Goti lako je? Na joto la Taveta umelizoea, ama bado unalilalamikia?

Huku tumepangwa, Shangazi. Kijiji kizima kimegawanywa makundi matatu: wasiojiweza, wa katikati na wanaojiweza. Shirika fulani litawalipia karo watoto wa kundi la kwanza. Mdogo wangu Natalie anaingia gredi ya kumi Januari, na tangu kaka yako atuache, njia nyingine hatuna.

Aliyetumwa kuuliza ni bwana mmoja mpole, Odongo. Sikujua umaskini una maswali mengi hivyo. Paa ni la nini? Mnapikia kuni ama gesi? Chai ya maziwa mara ngapi kwa wiki? Nilitamani kujua jogoo wetu anahesabiwa wapi, maana kazi yake ni kuwika tu.

Lakini wifi yako unamjua. Kusikia mgeni anakuja, alinituma kwa jirani, Mama Fancy mwenye duka, niazime vile viti vyake vyekundu vya sofa. Eti mgeni hakalishwi kwa stuli. Odongo akaketi, akanywa chai, akaandika.

Jana majina yalisomwa kwenye baraza. Sisi tuko kwa wanaojiweza. La kushangaza zaidi, Mama Fancy yuko kwa wasiojiweza.

Chifu akasema mwenye lalamiko asimame, aseme mbele ya watu. Nikamtazama Mama. Huyu ni mtu ambaye sukari ikiisha husema daktari amemkataza. Natalie alikuwa ameinamisha kichwa. Niliogopa sana, Shangazi, kwa sababu nilijua Mama anaweza kunyamaza.

Alisimama. "Vile viti si vyangu," akasema. "Mimi niko na stuli mbili. Nilikuwa naona aibu."

Kisha Mzee Ndegwa akainuka nyuma, akasema hata kwake vilifika, saa nane siku hiyo hiyo. Kumbe vilizunguka nyumba nne, na kila nyumba vikaandikwa! Odongo alipofika kwa Mama Fancy mwenyewe, alikuta sebule tupu, akamhurumia. Tulicheka, hata Mama akafuta machozi.

Leo asubuhi Odongo amerudi, akakalia stuli, akafuta, akaandika upya. Natalie ataenda shule. Nimejivunia Mama kuliko ninavyoweza kukueleza.

Je, huko kwenu wangekuweka kundi gani? Mimi bado sijui wanajuaje.

Msalimie Mjomba Kipkemei na binti yenu Cherop. Mungu awatunze, na goti lipone upesi. Mama anakusalimu sana. Ameniharakisha nimalize barua hii, nirudishe kikombe alichonywea Odongo leo. Ni cha Mama Fancy.

Mimi wako nikupendaye,
Wangeci