Uraia wa Kipusa

Baba Kipusa,

Sisi huku wazima. Kuku wa jirani bado anataga chini ya cherehani yangu, hana adabu hata kidogo.

Juzi redio ilitangaza kwamba katiba imerekebishwa: sasa mtoto atapata uraia kwa mama pia, hata baba akiwa mgeni. Nilivyoshtuka, nikashona mkono wa shati kwenye kola! Mteja akacheka. Mimi nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena.

Miaka yote nimekusihi uje umwandikishe binti yetu uraia wa kwenu, asikae bila nchi. Wewe, “Subiri kidogo, mama.” Kipusa amenipita kimo ndani ya hicho kidogo chako.

Jana nilimwandikisha mwenyewe. Hatuna haja nawe tena.

Basi mbona mlango ukigongwa bado naruka?

Mimi,
Mama Kipusa