Miale Minane kwenye Mkono wa Bibi Harusi

Mpendwa Bi Saadiya, naomba msaada wako, maana nilikuwa nioe Ijumaa iliyopita na hadi leo sijaoa, na kosa, wallahi, si langu, ni la ua.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, natengeneza mashine za boti Ras Kitau na nakaa Langoni hapa Lamu, na kwa miaka miwili sasa ni msimamizi wa kundi la WhatsApp liitwalo Ukombozi wa Visiwa, watu mia nne, wote wanaume, tunajadili itikadi, ubepari, ardhi, nani anakula jasho la nani, na alama yetu ni ngumi nyekundu, na adui yetu ni kile chama cha matajiri chenye alama ya jua lenye miale minane, jua ambalo kundini haliwekwi hata kwa mzaha, aliyewahi kuliweka tulimtoa siku hiyo hiyo.

Sasa siku mbili kabla ya nikaha mchumba wangu alitiwa hina na mama yake mdogo, akanitumia picha ya mkono wake, hina imekolea vizuri sana, na mimi kwa furaha nikaiweka kundini wenzangu wajue komredi wao anaoa, na hongera zilikuja kama kumi hivi, kisha Zaki akauliza mbona katikati ya mkono kuna jua, na Jabez, ambaye ni mwalimu kutoka bara na ndiye mtaalamu wetu wa itikadi, akaikuza picha, akahesabu petali, akapata nane, akaandika makala ndefu kwamba adui huanza kuingia kwa njia ya mapambo, wengine wakasema harusi yangu imefadhiliwa na chama kile, ikapigwa kura nikavuliwa usimamizi mpaka nijieleze.

Nilijieleza, Bi Saadiya, kwamba ni ua, ua ambalo wanawake wa Amu wamelichora tangu kabla ya vyama, lakini hakuna aliyesikia, ndipo nikampigia mchumba wangu nikamwomba aliondoe lile moja tu, mengine abaki nayo, akaniambia hina haitoki kwa kuoshwa, nikamwambia ajaribu limau na chumvi, na ikishindikana jiki kidogo, naye ni mtu wa kusikia, akajaribu, likafifia lakini ngozi nayo ikatoka, na nilipowaarifu wenzangu kwamba limefutwa walifurahi wakaweka ngumi nyingi.

Tatizo ni kwamba kaka yake, Obeid, aliiona picha ile kwa kinyozi kwenye simu ya mtu asiyemjua kabisa, akaenda kumwambia baba yao, na baba yao amesimamisha nikaha, na nilipotuma watu wa kwetu wakazungumze walirudishwa mlangoni kwa maneno haya tu: "Naaye mwenyewe, na simu aiwate kwao." Mchumba wangu hapokei simu, aliniandikia mara moja tu, "Nilikutumia wewe," basi, na sielewi anataka kusema nini kwa sababu ni kweli alinitumia mimi.

Swali langu ni hili: niwaeleze vipi makomredi, kwa hoja za kitaalamu, kwamba ua si jua, ili nirudishiwe usimamizi, na je, nikienda mwenyewe kwa wakwe nikaiacha simu nyumbani kama mzee alivyotaka, sitaonekana nimesalimu amri?

Husni, Langoni

Bwana Husni,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikitafuta mahali unapouliza mkono wa msichana yule unaendeleaje. Sikupaona.

Nianze na ua, kwa kuwa ndilo linalokukosesha usingizi. Ni ua. Nyanya yangu alichorwa lilo hilo. Na hata lingekuwa jua, lilikuwa kwenye mkono wa mtu anayekwenda kwa mumewe, halikubandikwa ukutani. Wanaume mia nne wenye ndevu wamekaa wakahesabu petali za hina, mwalimu mzima akaandika makala, na hao ndio watakaotukomboa! Mtaani kwenu kuna vikongwe wanaobeba maji wenyewe, na sijasikia komredi aliyeonekana na ndoo.

Sasa kosa lako, ambalo hukuliandika kwa sababu hujaliona. Umekulia Amu. Unajua bibi harusi akishatiwa hina hufichwa, na mwanamume wa kuuona mkono ule ni mumewe. Yeye alikuonyesha siku mbili mapema kwa sababu alikuamini. Wewe ukaupeleka kwa wanaume mia nne, wakaukuza, wakaukagua, wakaupigia kura. Ndiyo maana ya "Nilikutumia wewe." Hakuna hata mmoja wao aliyekuuliza kwa nini unawaonyesha mkono wa mkeo mtarajiwa, nawe bado unalilia kurudi kwao.

Halafu jiki. Kazi yako ni petroli na asidi ya betri, wewe unajua vitu vinavyokula ngozi. Ulimwambia ajimwagie jiki ili Jabez atulie. Miaka kumi na miwili nimejibu barua hizi, nimewajibu walevi na wenye wake wa siri, na wale walau walijua wamekosea.

Leo hii futa picha kundini, mwambie kila aliyeihifadhi aifute, kisha utoke, na usiandike waraka wa kuaga. Mtume mama yako akamtazame binti, na kama mkono unataka daktari, daktari ni juu yako. Halafu nenda kwa mzee peke yako, bila simu. Sema umekosa, na neno itikadi lisikutoke mdomoni. Ndiyo, utakuwa umesalimu amri. Ulipaswa kusalimu siku ile ile. Akikusikiliza, shukuru. Binti akisema hakutaki tena, shukuru vilevile na urudi kwenu, maana katika kura zote zilizopigwa juu ya mkono ule, yake haijapigwa bado.

Mwisho, katika barua yako nimemjua Zaki, nimemjua Jabez, nimejua jua la adui lina miale mingapi. Mwanamke unayetaka kumwoa hukumwandika jina. Usiniambie ni haya. Ungekuwa na haya, picha ingebaki kwenye simu yako.

Bi Saadiya