Maji ya Kupozea

Jumatatu, 6 Machi 1978

Ugonjwa wa kuhara umefika huku mtaani kwetu Kibuli. Ofisini Nakasero, Kapteni Wahabi — ndiye mkuu wetu wa matangazo ya afya siku hizi za serikali ya jeshi — anasema tangazo limebandikwa kila ukuta, wananchi hawana kisingizio. Nililipiga taipu mwenyewe: "Umma unaamriwa kuhakikisha usafishaji wa maji ya matumizi kwa njia ya uchemshaji." Lo! Mimi Mkenya, niliajiriwa nchi hii ya jirani kwa Kiswahili changu, na hata mimi nililisoma mara mbili. Lakini nani abishane na mtu aliyeweka bastola mezani?

Jumanne, 7 Machi

Mtoto wa jirani yangu Sitti kalazwa. Dripu mkononi, macho yameingia ndani. Naogopa. Sitti analia: lakini mimi nachemsha! Kila siku nachemsha, mpaka makaa yananiishia!

Namwamini. Sasa ni nini?

Jumatano, 8 Machi

Sitti karudi toka hospitali kuoga. Nikamwomba anionyeshe anavyochemsha. Si kukupima, dada, nataka kujua tu. Akawasha sigiri yake ya makaa, maji yakatokota vizuri kabisa. Halafu — Mungu wangu! — akayamimina kwenye mtungi uliokuwa na maji ya bomba, nusu nzima.

Ya nini hayo? nikamwuliza. Akanishangaa mimi. Ya kupozea! Nani anakunywa maji ya moto na jua hili?

Nikapita kwa majirani. Wote vile vile. Tangazo lilisema wachemshe, wamechemsha. Waliokosea ni sisi tulioandika. Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Alhamisi, 9 Machi

Nimeandika upya.

Mwaga maji mabichi yaliyomo mtungini. Osha mtungi. Chemsha maji mpaka yatokote. Yafunike, yapoe yenyewe. Usiongeze maji mabichi, hata kikombe kimoja.

Nikamsomea Sitti. Akashika kichwa. Kisha akabeba mtungi, akaumwaga wote uani, kuku wakatawanyika. Kumbe! Mbona hamkusema hivyo?

Mtoto kanywa uji leo. Alhamdulillahi, anasema Sitti, nami Mkristo nikaitikia amina.

Ijumaa, 10 Machi

Nimempelekea Kapteni karatasi.

Akasoma. Akafura. Hii maneno ya jikoni! Amri iko wapi? Serikali inaongea kama mama ya mandazi?

Nikasema — sijui ulimi niliutoa wapi — Afande, ugonjwa wenyewe unaingilia jikoni. Nikamweleza mitungi ya Kibuli, maji ya kupozea, mtoto wa Sitti.

Nikajua leo ndiyo leo. Akaniuliza, bila kunitazama: wote wanapoza hivyo? Wote, Afande. Akasema toka, ngoja nje.

Niko kwenye benchi hapa koridoni. Naandika nikingoja. Wenzangu wanapita wananikwepa macho, kama nimeshakufa.

Mlango haukufungwa vizuri. Anapiga simu. Nilidhani anaita askari — hapana, ni nyumbani kwake, kwa mkewe. Anauliza: wewe napoza maji ya watoto na nini?

Anasikiliza.

Sasa anasoma. Maneno yangu! Polepole, moja moja, hajabadilisha hata moja. Usiongeze maji mabichi... hata kikombe kimoja...

Kiti kimeanguka. Anapiga kelele kwenye simu: Mwaga! Mwaga yote, sasa hivi!