Kidonda cha Tata na Friji ya Wizara ya Ulinzi

Jumapili, Kolwezi. Mvua imegoma, joto limekaa juu ya mabati, na kichwa changu hakitulii.

Ninafanya kazi katika maabara ya hospitali. Mwaka huu tulipewa mafunzo, vifaa vya kupimia na friji yenye kufuli mbili, kwa fedha za shirika la wizara ya ulinzi ya nchi ya mbali. Walisema wanataka kupunguza vitisho vya kibayolojia, yaani vijidudu hatari visiibwe wala kugeuzwa silaha. Sikuuliza kwa nini wanajeshi ndio wanaolipa. Friji yetu ya zamani ilikuwa imekufa. Nani angeuliza?

Juzi Tata, baba yangu, alikuja kutoka Tenke. Ni mstaafu wa reli, mtu asiyependa hospitali. Mkononi alikuwa na kidonda cheusi katikati, kimevimba pembeni, na wala hakimuumi. Alikuwa amemsaidia jirani kuchuna ng'ombe aliyekufa ghafla.



Kimeta. Kwenye mafunzo ndio ugonjwa tulioanza nao tulipozungumzia silaha.

Daktari alimwanzishia dawa palepale, akaniambia nichukue sampuli. Huko maabara Tata akaona kibandiko cha wizara ile ya ulinzi kwenye mlango wa friji, akakisoma kwa sauti.

"Défense? Basoda banatafuta nini mu kilonda yangu?"

"Ni bo njo balilipa frigo, tata."

"Basoda ba inchi ingine? Juu ya nini?"

"Mi sijue, tata."

Nilisikia aibu. Tata amewahi kuacha nyumba na vyombo akiwakimbia wanajeshi. Nilidhani angesimama aondoke. Badala yake akaninyooshea mkono mimi, mwanawe.

"Kamata, juu ni weye. Lakini siku utajua, ukuye uniambie."

Leo majibu yametoka. Ni kimeta kweli. Uvimbe umeanza kushuka, na mchana Tata amekula ugali wa bukari na kulalamika kwamba mboga ya sombe haina chumvi. Jirani yake na familia yake wanapewa dawa, na watu wa mifugo wamekwenda kuzika ule mzoga. Bila vifaa vile tungebaki kubahatisha.

Kwa hiyo ninashukuru. Nashukuru kweli.

Lakini nilipofunga kufuli zote mbili juu ya kipande kilichotoka mkononi mwa baba yangu, sikujua nafunga nini. Huko mbali wanaogopa kitu hiki kisije kikawafikia. Kwetu kimo kwenye nyama ya ng'ombe wa jirani. Je, friji ile inamlinda Tata, au inawalinda wao dhidi ya Tata?

Kesho asubuhi nitamwuliza mkuu wangu wa maabara swali hilo, mbele ya wenzangu wote. Sina hofu kwamba atakasirika.

Ninachohofia ni kwamba naye atanijibu, "Mi sijue."